Daftari la Usingizi

Daktari Ibtihaj hakutaka hadithi, alitaka saa.
"Kalala saa ngapi? Kaamka saa ngapi?
Andika miezi mitatu, kisha tutazungumzia jina."
Nikanunua daftari hapa hapa Mabela,
la mistari, jalada la kijani, baisa mia mbili.

Julai. Jumapili, masaa matatu.
Jumatatu, mawili.
Jumanne nilimkuta juu ya paa kabla ya alfajiri,
Nabhan wangu, miaka kumi na minne,
keshalipaka tangi la maji rangi ya samawati
na sasa anaunda banda la njiwa
kwa mbao za kitanda chake mwenyewe,
ulimi mbio, Kiarabu kikimaliziwa na Kiswahili,
hachoki, na joto lile la kupasua mawe.
Baba yake akacheka: "Kijana ana himma huyu!"
Nami nilicheka.
Hilo pia nimeliandika.

Oktoba. Masaa kumi na manne.
Kumi na matatu. Uso ukutani.
Mchuzi wa papa umeganda sahanini.
Njiwa nawalisha mimi.
Mwalimu kaandika: mvivu.
Bibi yake kasema: jicho. Kaleta maji ya kusomewa,
Nabhan kayanywa, kwa adabu,
akaugeukia ukuta wake.

"Haina makelele," alisema daktari,
"ndiyo maana inapita watu hawaioni.
Na umri huu nao una vituko vyake.
Sitaki kumbandika mtoto jina
kisha likagoma kubanduka."

Kwenye fomu wameandika *mizaji*.
Nikalitafutia Kiswahili: moyo? roho? hali?
Hakuna lililoenea katika kisanduku.

Swali la mwisho: "Kuna mwingine katika ukoo?"
Mama akanitangulia: "Hatuna."
Akavuta shela, akatazama mlango.
Kiyoyozi kikavuma.
Nikamwona Mjomba Sleyum, Unguja,
siku aliyouza gari akanunua cherehani kumi na mbili
za kushonea ulimwengu mzima,
na miezi ile ya baadaye, chai ikipoa mlangoni kwake.
Tulimwita mtu wa vituko. Tulimwita mengi.
Usingizi wake hakuna aliyeuandika.

"Yupo," nikasema. "Mjomba."

Mama hakunisemesha mpaka tukaipita Mawaleh,
Nabhan kalala kiti cha nyuma, mdomo wazi.
Ndipo akasema, kama anayekiambia kioo cha gari:
"Cherehani zilikuwa kumi na tatu."