Uhusiano

Kwenye daftari la wageni pale Isanga kuna safu ya nne:
Uhusiano na mfungwa.
Siku ya kwanza niliandika, Baba wa marehemu.
Askari akasoma, akaniangalia viatu,
akasoma tena.
"Marehemu yupi, mzee?"
Aliyeuawa na huyu, nikasema.
Kalamu yao imefungwa kwa uzi, haifiki mbali.

Nilikuja kukutazama, Ntandu. Basi.
Nilitaka kuiona mikono.
Nilidhani mtu wa kunyongwa ana uso wake maalumu,
kumbe una chunusi,
kumbe unakohoa vumbi lilelile la Agosti
linaloingia kwenye uji wangu kule Mbande.
Dakika kumi na tano, hakuna aliyesema neno.
Nilipotoka nikakuta nimeinyonga kofia yangu
mpaka mshono umeachia.

Sijui kwa nini nilirudi.
Peresi mke wangu alidhani naenda kununua spoku.
Shemeji zangu walisema nimerogwa,
mchungaji akasema ni neema,
nikawaachia maneno yao.
Mimi ni fundi baiskeli. Mpira ukivuja
tundu hulioni kwa kuukodolea macho;
unauzamisha kwenye beseni, unauminya, unangoja
povu liseme lenyewe ni wapi.

Mwaka mzima tuliongea mvua.
Uliniuliza kama uwele umeshika,
kama kwelea kwelea wameshuka,
nikakutajia bei ya gunia Kibaigwa,
ukacheka, ukasema kwenu Ikungi bei hiyo ni matusi.
Nikakuletea mlenda wa kukausha. Askari aliuchokonoa kwa kijiti
kama anayetafuta msumeno.
Ulikula umefumba macho.
Mama yako hajawahi kuja. Nauli, ulisema.
Halafu ukasema, si nauli.

Wakati wa mavuno ya pili ndipo nilipouliza:
Yaredi alisema nini?
Ulikaa kimya hadi nikadhani muda umekwisha.
"Alisema, chukueni pikipiki,
ila pampu niachieni, ni ya baba.
Akainama kuifungua.
Nilidhani anatoa panga."

Pampu.
Ile ya chuma, yenye mpini wa mkaratusi,
niliyomgombeza kwa ajili yake asubuhi ile:
ukija bila pampu yangu, usije.

Sikulia mbele yako. Nililia juu ya lori la mashudu,
katikati ya magunia, upepo ukinisaidia.
Peresi sijamwambia.
Nimelitembea lile korongo ulilonielekeza, mara tatu,
lakini mvua mbili zimeshapita humo
na mchanga wa Ugogo haurudishi kitu.

Sasa nikuambie jambo ambalo jaji hakulisoma:
sauti ya mwisho ya mwanangu imo masikioni mwako,
kwingine haipo.
Wanasema karatasi yako iko juu huko inangoja wino,
wanasema kamba haijaguswa miaka mingi.
Mimi gari la serikali likipita barabara kuu na kimulimuli
nakaza nati isiyotaka kukazwa.
Wakikuondoa, Yaredi anaisha.

Sijakusamehe. Uliniuliza, nikakujibu hivyo hivyo,
ukasema sawa mzee,
na goti je, bado linauma usiku?

Jumapili iliyopita askari alikuwa na haraka.
Mstari wa juu yangu, mama mmoja wa Bahi
alikuwa ameandika Mzazi, herufi zikitetemeka.
Kwangu askari hakuuliza,
akatia vile vistari viwili vya kusema kama hapo juu.
Nikaviona.
Kalamu ilikuwa inaning'inia kwenye uzi wake, ningeifikia.
Nikapita na mlenda wangu.