Shingo Kwanza

Kiborloni, Jumamosi, mvua imekatika sasa hivi
na matope yanashika kandambili kama mdai.
Nimekuja na elfu themanini ndani ya sidiria,
pesa ya kibubu, pesa ya zipu na pindo,
ya sare za shule nilizoshona Januari nzima
hadi kidole cha shahada kikaota sugu.
Sugu hilo, kumbe, nalo ni mtaji.

"Shikamoo mama. Hayo ni magitaa yaliyomeza ngoma,"
anasema Eliforo, muuza viatu,
aliyefungua robota akakuta banjo mbili
zimelala kati ya raba za kushoto.
Hajui zinaliaje. Bei anaijua.

Ya kwanza inang'aa kama sufuria ya arusi:
mgongo wa bakuli, maua ya plastiki shingoni.
Laki na ishirini.
Ya pili haina mgongo, iko wazi nyuma,
unaona mbao, skrubu, na buibui
aliyesafiri bila nauli.
Usoni ina doa la chai.
Nyuzi nne; wa tano umeacha tundu.
Tisini.

Mwalimu Ndetaramo, aliyepiga bendi enzi za ujana,
alinionya kwa simu, kikohozi katikati ya maneno:
"Usinunue kwa macho ya arusi. Shingo kwanza.
Shingo ikipinda, mama, umenunua
kigingi cha kufungia mbuzi."

Basi nafanya ninachofanya kila siku:
nafumba jicho moja
kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano,
naitazama shingo toka kichwani hadi tumboni.
Ya kung'aa imeinama. Kidogo tu,
kama mtu anayeficha barua.
Nyuzi zake zimeruka juu mno;
nikizikandamiza, kidole kinalia kabla ya banjo.
Ile ya doa la chai imenyooka
kama mstari wa chaki kwenye gabadini.

Nagonga uso wake kwa ukucha: ti.
Nagonga wa mwenzake: bu.
Nazungusha vigingi kimoja kimoja;
vitatu vinashika, cha nne ni mtoro,
lakini mtoro hurudishwa kwa bisibisi.

"Mama," anasema Eliforo, "unanunua au unaoa?"
Soko zima linacheka, hata muuza ndizi.
"Naoa," namjibu, "ndiyo maana nakagua meno."
Namwonyesha tundu la uzi wa tano.
Anakuna kichwa. Sabini na tano,
na raba moja ya kushoto juu,
ambayo sasa nahifadhia nyuzi za akiba.

Mwanangu akanitumia ujumbe toka Dodoma:
Kwa hela hiyo ungepata simu nzuri.
Sikumjibu. Ningemwambiaje
kwamba nilipokuwa na miaka tisa, ndoo kichwani,
nilipita nyuma ya ukumbi karibu na stesheni
nikasikia kitu ukutani,
nikadhani ni mvua ya mabati
iliyojifunza kuhesabu?
Maji yalinimwagikia mgongoni. Sikusogea.
Nilichapwa kwa ndoo nusu.

Kigingi cha tano Mwalimu amekichonga
kwa tawi la mti wa kahawa.
Usiku wa baridi kinalegea, uzi unashuka
polepole, kama mgeni anayesinzia kwenye kiti.
Nakaza. Unashuka. Nakaza.

Wiki ya tatu sasa, Pasua, baada ya chakula.
Wimbo sina. Nina vidole viwili na gumba,
gumba linaangukia palepale, linakosea palepale,
na sugu langu la sindano halihisi kitu.
Jana Mama Aikande akagonga ukuta.
Nikanyamaza, nikajiandaa kuomba radhi.

"Jirani," akasema, "leo cherehani yako inashona nini?"

"Bado nakata," nikamwambia.