Kalamu Imefungwa Uzi

Ufunguo wa maktaba nauvaa shingoni
kwa kamba ya kiatu. Ukinikuta njiani Mtambwe
utausikia unagonga vifungo vya baibui.
Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya majembe,
na mpaka leo ukipiga sakafu tambara bichi
inatoka harufu ya udongo,
kama vile mtu kapita usiku kulima kati ya rafu.

Vitabu mia mbili na kumi na tatu.
Vya kemia vimenyooka, havijaguswa, vina adabu.
Vya hadithi, zile za watu wa umri wenu,
wanaomdanganya mama kisha hawapati usingizi,
wanaopenda na hawajui mikono waiweke wapi,
hivyo vimepinda migongo, vimechakaa
kama viatu vya mtoto ifikapo Sikukuu Nne.

Kitabu kikirudi huja na habari mbili:
yake, na ya aliyekiazima.
Ukurasa wa kumi na tisa, tone la mchuzi wa pweza:
huyo Kombo, asomaye huku anakula,
mama yake akidhani ni hesabu.
Ukurasa wa themanini, karatasi imevimba duara dogo.
Mkasi anasema ni mvua.
Mwezi wa pili. Mvua.
Sikumuuliza tena.

Msimu wa karafuu skuli ilipofungwa
Shaame Faki alikuja mbio, nishatia kufuli:
"Mwalimu, nipe kinene."
Nikafungua, nikampa kinene.
Wiki tatu alikuwa juu mkarafuuni,
kitabu ndani ya pakacha,
na baba yake chini akihesabu pishi, akihoji
mbona tawi la Shaame limenyamaza.
Kilirudi na kikonyo ukurasa wa sitini na moja,
chengine ukurasa wa mia na nne,
na vitatu kwa pamoja pale ambapo yule kijana
anasimama nje ya mlango wa baba aliyemfukuza
na hajui abishe hodi au arudi alikotoka.
Vitatu.
Nilikaa navyo kiganjani hadi adhana ya laasiri.

Hadithi yenyewe ni ya mji wa mbali,
kuna treni, kuna theluji mpaka magotini.
Raya akakichukua baada yake,
asubuhi yake kaja kanikunjia uso:
"Mwalimu, theluji yote hii,
mbona kinanuka kwetu?"

Sasa nyinyi mnaopita dirishani
mkijifanya mnatafuta mpira,
nakuoneni.
Sitakupeni mtihani. Sitauliza
hadithi hii inatufunza nini.
Anayetaka kuanzia mwisho, aanzie mwisho.
Anayetaka kuruka maelezo ya milima, aruke,
hata mimi huyaruka.
Asiyekipenda akirudishe, aseme "kibaya" mbele yangu,
tutagombana vizuri, halafu nitampa chengine.

Na ukiambiwa nyumbani kuwa hadithi zinapoteza wakati,
usishindane na mkubwa.
Kiache kitabu kitandani, wazi, kifudifudi.
Bibi yake Mkasi alikiokota hivyo akitandika,
akakaa nacho siku tisa.
Nimemwandika daftarini: Zume binti Hamad.
Mahali pa kidato nimeandika: bibi.

Daftari lipo mezani. Jina, tarehe, sahihi.
Kalamu ya risasi nimeifunga uzi
isitoroke.
Weye toroka.
Siku kumi na nne, kisha unirudishie,
na kama kuna mchuzi, basi kuna mchuzi.