Kipimo cha Kopo

Binti yangu Nestani alikuja Jumanne, tumbo mbele,
mkononi kopo tupu la soda ya peasi.
Sikuuliza. Mjamzito hubeba atakacho.
Akapita karakana bila kuketi, akapanda darini
kukitazama kitanda nilichokichonga mwaka aliozaliwa yeye:
mbao za mjozi uliokatwa ng'ambo ya Rioni,
nguzo kumi na moja kila ubavu,
nilizozipiga msasa hadi zikalainika
kama kijiko kilicholambwa.

"Baba, shika upande ule."
Kopo likapenya kati ya nguzo mbili
kama mgeni anayeijua nyumba.
Halikugusa popote.
"Panapopita kopo," akasema, "hupita kiwiliwili.
Kichwa ndicho kinachobaki."

Nilitaka kumwambia: wewe ulilala humu, na dada yako Eteri,
na Ramazi, mguu mmoja nje kama mlevi,
na wote mko hai, mnanidai hela.
Nikanyamaza.
Maana nilikumbuka usiku mmoja,
sauti ndogo, isiyofika kuwa kilio,
mama yao akikimbia pekupeku,
na asubuhi yake akizungushia nguzo zote kipande cha shuka,
akakifunga mafundomafundo, asiseme neno.

Nilidhani ni pambo.
Miaka thelathini na moja nilidhani ni pambo.

"Na rangi hii?"
Samawati, nikamjibu, ya kiwandani,
enzi zile tulipopangiwa hata rangi za milango.
"Ina risasi."
Risasi? Hiki ni kitanda, mwanangu, si bunduki.
Hakucheka. Akapitisha kidole ukingoni,
akakisimamisha penye vishimo viwili vilivyokaribiana.
Alama za meno.
Za kwake.

Mkwewe, Tsiala, ameshona mito minne,
kila mmoja na kichala cha zabibu cha uzi wa zambarau.
Nestani ameipokea kwa mikono miwili, ameibusu,
ameiweka juu ya kabati, mbali.
Mtoto mchanga hana kazi na mto.
Mto tunao mmoja, Rioni,
nao hatumlazi mtu.

Jioni Badri wa ghorofa ya chini akaleta kiti cha gari.
Bure. Kizima, akasema, tazama kitambaa.
Nestani akakipindua, akapapasa mgongo wa plastiki
kama mama anayetafuta nundu kisogoni.
"Kimewahi kugongwa?"
Badri akaviangalia viatu vyake.
"Mara moja. Njia ya Zestafoni, barafu.
Lakini mwanangu hakuchubuka hata pua."
"Basi kimeshafanya kazi yake," akamwambia taratibu.
"Kazi hiyo kiti hukifanyia mtoto mara moja tu."

Nikadhani jirani atakasirika.
Akaomba mkasi.
Akakata mikanda, mmoja mmoja, yote mitano,
mtu asije akakiokota jalalani akakiamini.
Kisha akakishika kidogo kabla ya kukiacha,
kama unavyomshika bega mtu
uliyesahau kumshukuru siku ile.

Sasa nachonga kingine.
Mbao tupu, bila rangi, bila nakshi,
bila vile virungu vya pembeni nilivyojivunia,
vinavyonasa kola za nguo.
Nguzo kumi na saba. Godoro gumu, lisilobakiza nafasi ya kidole.
Macho yangu hayaamini tena macho yangu:
kopo linakaa mezani karibu na randa,
nalijaribu kila pengo,
linakataa, linakataa, linakataa,
na kila likikataa nashusha pumzi.

Leo asubuhi mke wangu amenikuta roshani,
nimepiga magoti kwenye baridi,
kopo mkononi, nikipima vyuma vya ukingo
ambavyo watoto wetu watatu waliegemea
kutazama mvua.

Linapita.
Linapita na kwingine.

Hakuniuliza nafanya nini.
Ameingia ndani, ametoka na tepu ya kupimia,
akashika ncha moja.