Popo Kumi na Wawili

Uppsala, Novemba. Theluji imelalia baiskeli.
Hedvig anafunga akaunti ya miaka kumi na mmoja:
wafuasi elfu arobaini, picha za popo mia nane,
na yule asiye na sura aliyemwandikia jana
kwamba popo ni kisingizio, ugonjwa ni yeye.

Huko alikohamia ana wafuasi saba.
Mmoja ni Torkel wa maabara ya chini,
ambaye angeweza tu kugonga mlango.

Anaandika: *Leo mgodini nimekuta kumi na wawili wamelala.
Mwaka jana walikuwa thelathini.*

Kimya. Birika linachemka, linazima.

Kisha Torkel: *Wengine wamehamia wapi?*

Hedvig anakaa na kikombe kitupu mkononi.
Matusi alizoea kuyahesabu.
Swali, alikuwa amelisahau linavyofanana.