Sharti la Kumi na Nne

Jina langu lipo chini, kulia, pembeni mwa muhuri:
Maarika Oja, mkaguzi wa mito, Estonia ya kusini.
Mimi ndiye niliyemkatalia Leida mara mbili.

Mara ya kwanza hata chai yangu haikupoa.
Ramani aliichora kwa penseli ya seremala,
mto ukapanda mlima,
na palipoulizwa lengo la mradi
aliandika: kusaga.
Neno moja, kwenye kisanduku cha mistari kumi na miwili.
Nikaandika: irudishwe, haijakamilika.

Akaja tena mwaka uliofuata, faili nene kama mkate.
Barua ya watu wa mambo ya kale: kuta zisiguswe.
Barua ya zimamoto: kuta hizohizo zitobolewe mlango wa pili.
Ridhaa ya jirani, Ülo Kärner wa ng'ambo,
aliyetia saini kwa sharti la kupewa unga.
Risiti za ada, hata ya ada ya kuulizia ada.
Kila ofisi ilitaka kwanza karatasi ya ofisi nyingine,
naye, kwa miaka yake sitini na minane,
akazunguka kuliko gurudumu lake
lililogoma tangu baba yake yu hai.

Nikafungua sheria. Sheria ikasema: samaki.
Nikaandika hapana, kwa wino mzuri.

Watu hudhani tunapenda kusema hapana.
Hapana ni godoro. Unailalia.
Haina ukaguzi wa mwakani, haibomoki usiku,
haimwiti mwandishi wa habari.
Ndiyo ndiyo inayonikesha.

Akakata rufaa. Rufaa ikanitoa ofisini.

Oktoba, maji ya kukata mifupa,
nimevaa buti za mpira hadi kifuani,
nikihesabu viota vya trauti kwenye changarawe.
Leida alikaa ukingoni juu ya ndoo, kimya,
kikombe chake kikifuka mvuke.
Chini ya ukuta wa zamani: viota thelathini na kimoja.
Juu ya ukuta: nilitembea kilomita mbili.
Hakuna.

Ukuta ulikuwa umeanguka nusu, mawe yamelaliana,
na samaki walifika pale, wakapiga vichwa, wakarudi.
Niliporudi na daftari langu aliuliza jambo moja:
"Na huu, kibali chake alitoa nani?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.
Miaka yote ile kifusi kilifunga mto
bila fomu, bila ada, bila mtu kupiga muhuri,
nasi tukakiita mazingira.
Anayetaka kukiondoa ndiye tuliyemdai michoro nakala tano.

Basi nikaandika ndiyo. Ndiyo yenye masharti kumi na tisa:
ngazi ya samaki upande wa kushoto,
wavu wa matundu madogo mbele ya gurudumu,
kipimo cha maji kisomwe kila Jumatatu.
La kumi na nne: gurudumu lisizunguke
tangu Oktoba mosi hadi katikati ya Desemba,
samaki watage.
Yaani majira yaleyale ambayo shayiri imeshavunwa
na kila mtu ana gunia mkononi.

Nilimsomea mwenyewe, kwa simu, nikingoja matusi.
Alikaa kimya kidogo.
"Basi unga wangu utakuwa wa Januari," akasema.
"Kärner atasubiri. Hana meno ya haraka."

Januari ulikuja mfuko, kilo mbili,
umefungwa kwa uzi, bila barua.
Mtumishi wa umma hapokei zawadi.
Nikajaza fomu: aina, uzito, thamani ya kukadiria,
uhusiano na mtoaji. Hapo kalamu ilikwama.
Mistari kumi na miwili.
Nikaandika: mto.

Kamati imenijibu wiki iliyopita:
irudishwe, haijakamilika.
Mfuko uko rafuni, karibu na faili lake.
Nikipita, najikuta nimeshika kitu cheupe vidoleni.