Nyuki Sikuwauza

Nyumba ya saba niliinunua Isevya
kwa warithi watano na saini nne;
ya tano ilikuja na treni ya Mpanda
ndani ya bahasha, dole gumba la wino
limetoka nje ya mstari.

Milioni kumi na nane. Nikaandika kwenye daftari:
bati, upande wa mashariki bado linafaa;
msingi, mzima;
choo, tusizungumze.
Ruhaga, fundi wangu wa Kasulu, asiyepoteza neno,
akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo
kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa,
akasikiliza.
"Ukuta hauna neno," akasema. "Ila huko juu kuna watu."

Dari ilikuwa inanguruma.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nyumba sizikumbuki kwa sura,
nazikumbuka kwa faida: ile ya Cheyo, milioni tatu na laki mbili;
ile ya Kiloleni, iliyonila mpaka cherehani ya mama.
Nimejifunza kwamba mnunuzi hununua jiko na bafu,
kwamba rangi ya maziwa huongeza chumba futi mbili,
kwamba dirisha pana la aluminiamu hutaja bei kabla yangu.
Nyuki hawakuwa na mstari kwenye daftari.

Kalunde, kitindamimba wa marehemu,
aliyesaini wa kwanza na kulia wa mwisho,
alikuja akasimama barazani na ndoo tupu.
"Baba alikuwa akisema hao ndio wapangaji wake.
Hawajawahi kuchelewesha kodi."
Miaka ishirini na sita, alisema. Tangu baba astaafu reli.

Tukamwita Msabila kutoka Sikonge.
Alikuja usiku, na moshi wake,
na taa aliyoifunga kitambaa chekundu,
akapanda ngazi akiwasemesha Kinyamwezi, taratibu,
kama anayeamsha watoto wa safari.
Ubao wa kwanza ulipong'oka
masega yakaning'inia:
meupe ya juzi, ya kahawia ya mwaka jana,
meusi ya enzi za marehemu;
na asali ikashuka ukutani
juu ya plasta yangu mpya,
mifuko minne ya saruji.
Sikupiga kelele.
Nilinyoosha kidole, nikalamba.

Ndoo sita. Msabila alichukua mbili, na malkia.
Kalunde moja, Ruhaga moja,
ya tano majirani walijigawia bila kualikwa.
Ya sita niliiuza. Nikaandika, upande wa mapato;
nikaona aibu, nikakata, nikaandika tena.

Kisha kazi. Jipsam juu, marumaru chini,
ukuta wa kati tukauvunja ili sebule ipumue.
Rangi ya maziwa mikono mitatu,
kwa sababu nta ilikuwa inarudi,
doa la njano, pale pale, ukubwa wa kiganja.
Mkono wa nne nilipaka mwenyewe,
Jumapili, milango imefungwa.

Nesi Pelagia alinunua kwa thelathini na moja.
Alisimama sebuleni, akanusa.
"Mmepaka nini humu?"
Rangi, nikasema.
Sijawahi kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia,
lakini siku ile kamba ya gunia niliishika kidogo.

Novemba, mvua za kwanza, simu yake.
Hakuwa na hasira. Aliinyanyua tu simu karibu na dari
na mimi, ndani ya nyumba ya nane,
vumbi la matofali puani,
nikaisikia: ngurumo ile ile ya chini,
ya watu waliofika kwao.

"Mkataba," nikamwambia, "unasema nyumba, choo na kisima.
Nyuki sikuwauza."

Akanyamaza kidogo.
"Kalunde yuko hapa barazani," akasema.
"Amekuja na ndoo."